Kwa Nini Dirisha Limeganda? Matatizo ya Wanaoanza Kuandika Programu za Kompyuta

Programu ya kompyuta yenye dirisha, vitufe na visanduku vya kuandikia haiendi kama hesabu ya darasani, inayoanza mstari wa kwanza na kuishia mstari wa mwisho. Hufunguka, hujichora kwenye skrini, kisha hukaa ikisubiri. Mtu akibofya kitufe, akiandika herufi au akivuta pembe ya dirisha, mfumo wa kompyuta hupanga habari ya tukio hilo kwenye foleni. Programu hulichukua, hulishughulikia, halafu hurudi kusubiri. Sehemu kubwa ya matatizo ya mwanagenzi hutokana na kutojua kwamba programu yake imeumbwa ili isubiri. Yeye anaandika kana kwamba ndiye anayeongoza mwendo, kumbe anayeongoza ni mtumiaji.

Utaratibu huu una umri. Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, ilikuwa tayari na skrini ya michoro na kipanya. Kilichokuja baadaye ni wepesi wa kuandika programu za namna hiyo. Visual Basic ya Microsoft ilitoka 1991 na Delphi ya Borland 1995, na zote mbili zilimwezesha mtu kuburuta kitufe kwa kipanya, kukiweka anapotaka, kisha kuandika mistari michache ya kueleza kifanye nini kikibofywa. John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, naye alitengeneza Tk, maktaba ya kuchorea madirisha ambayo hadi leo inatumiwa na lugha ya Python kwa jina la Tkinter. Mazungumzo haya yatashika zaidi Tkinter, kwa kuwa haina gharama, inafanya kazi hata kwenye laptopu kuukuu, na makosa yake yanafanana sana na yale ya lugha nyingine. Mfano utakuwa programu ya kuandikia mauzo ya duka. Redioni hakuna ubao, kwa hiyo alama zitatajwa kwa majina yake.

Wapo wanaokwama kabla hata dirisha halijafunguka. Sababu moja ni ndogo hadi inaudhi: faili la mazoezi limepewa jina la maktaba yenyewe. Mtu anajifunza Tkinter, anahifadhi kazi yake kwa jina la tkinter nukta py, na Python inapoitafuta maktaba hukutana kwanza na faili lile lililo kwenye folda hiyohiyo, ikalichukua hilo. Matokeo ni malalamiko kwamba Tkinter haina kitu kiitwacho Tk. Dawa ni kubadilisha jina la faili, basi. Sababu ya pili huwapata wanaotumia Ubuntu na mifumo mingine ya ukoo wa Debian: huko Tkinter haiji pamoja na Python, bali husakinishwa peke yake kwa jina la python3-tk. Anayeambiwa hakuna moduli ya tkinter ilhali kitabu kinasema imo, aanzie hapo.

Dirisha likishafunguka, kosa la kwanza la maana huwa kwenye kitufe. Mwanagenzi ameandika funksheni iitwayo hifadhi, ambayo kazi yake ni kuingiza mauzo kwenye hifadhidata. Anatengeneza kitufe na kukipa amri: hifadhi, fungua mabano, funga mabano. Anapoiwasha programu, mauzo yanahifadhiwa palepale kabla mtu hajagusa chochote, na baada ya hapo kitufe kikibofywa hakifanyi kitu. Mabano ndiyo yaliyoharibu. Jina la funksheni likifuatwa na mabano ni agizo la kuifanya sasa hivi. Jina peke yake ni kuikabidhi tu, ifanywe itakapohitajika. Kwa mabano yale funksheni ilifanyika wakati kitufe kinatengenezwa, na kitufe kikakabidhiwa jibu lake, ambalo ni tupu, au None kama Python inavyoliita. Kitufe hakijakataa kazi. Hakikupewa kazi.

Kosa hilo lina ndugu yake, la kusoma kisanduku kabla ya wakati. Msimbo unatengeneza kisanduku cha bei, na mstari unaofuata unachukua kilichoandikwa humo. Lakini mistari hiyo miwili hupita katika sehemu ndogo ya sekunde, kabla dirisha halijaonekana, sembuse mtu kuandika bei. Kinachopatikana daima ni nafasi tupu. Usomaji wa kisanduku uhamishiwe ndani ya funksheni ya kitufe, kwa sababu kubofya kitufe ndiyo dalili ya pekee kwamba mtumiaji amemaliza kuandika.

Mwingine anasoma mahali sahihi, lakini anaambiwa kwamba None haina kitu kiitwacho get. Chanzo ni kuunganisha hatua mbili katika mstari mmoja: kutengeneza kisanduku na papo hapo kukipanga dirishani kwa amri ya pack. Pack hupanga, lakini haimrudishii mtu kisanduku chake. Inarudisha tupu, na jina alilolikusudia kubeba kisanduku linabaki limebeba tupu hiyo. Hatua hizo ziandikwe kwa mistari miwili. Yamkini hakuna mwalimu wa Tkinter ambaye hajakutana na kosa hili katika daftari la mwanafunzi, na huwa gumu kulibaini kwa sababu dirisha lenyewe linaonekana zuri kabisa.

Sasa tatizo kuu, lile la kuganda. Mwenye duka anabofya kitufe cha kutuma mauzo ya siku kwenye seva. Mtandao wa simu uko chini, na kutuma kunachukua sekunde 40. Katika sekunde hizo kitufe kimebaki kimebonyea, dirisha halisogei, na likifunikwa na dirisha jingine linarudi limepauka. Windows ikiona programu haijachukua tukio lolote kwenye foleni kwa sekunde tano, huandika juu ya dirisha kwamba programu haijibu, na mtumiaji akizidi kubofya humshauri aifunge. Akikubali, mauzo ya siku yamekwenda.

Hakuna kilichoharibika kwenye kompyuta. Programu ya dirisha ni kama karani mmoja kwenye dirisha la tiketi za basi: akiwa kitini, foleni inasonga, akitumwa stoo kuhesabu mizigo, foleni nzima inasimama hadi arudi, hata kama mteja wa mbele alitaka kuuliza saa tu. Funksheni ya kitufe hufanywa na karani huyohuyo anayechora dirisha na kupokea mibofyo. Ikichukua muda mrefu, hakuna mwingine wa kushika zamu.

Namna nyepesi ya kuangukia shimo hili ni amri ya sleep. Mwanagenzi anataka kuonyesha saa inayobadilika kila sekunde, au ujumbe wa "Imehifadhiwa" unaotoweka baada ya sekunde tatu. Anaandika kitanzi kisicho na mwisho, na ndani yake anaiambia programu ilale sekunde moja. Katika programu ya maandishi matupu njia hiyo ingefaa. Kwenye dirisha inaua kila kitu, maana aliyelazwa ni karani. Tkinter ina amri ya after kwa kazi hiyo: huambiwa idadi ya milisekunde na jina la funksheni, kisha programu inaendelea kusubiri matukio kama kawaida, na muda ukifika funksheni inaitwa. Saa huandikwa kwa funksheni inayobadilisha maandishi mara moja tu, kisha kuomba iitwe tena baada ya milisekunde 1,000. Na hapa mabano yanaweza kurudi kuvizia: akiandika jina la funksheni pamoja na mabano ndani ya after, funksheni itajiita yenyewe papo hapo bila kusubiri, tena na tena, hadi Python ikatae kwa kusema imejirudia kupita kiasi. Kwa kawaida ukomo huo ni miito 1,000.

Wako wanaogundua amri ya update, inayoilazimisha programu kuchukua matukio yaliyo kwenye foleni katikati ya kazi ndefu. Waliojifunza kwa Visual Basic waliifahamu ya kwao kwa jina la DoEvents. Wanaitia ndani ya kitanzi na dirisha linafufuka. Ni plasta, na hatari yake haionekani siku ya kwanza. Dirisha likiwa hai, mtumiaji asiye na subira atabofya kitufe kilekile mara ya pili, na kazi itaanza upya ndani ya kazi ambayo haijaisha. Mauzo yanatumwa mara mbili, na hesabu ya mwisho wa mwezi haiwiani na fedha iliyomo kwenye droo.

Njia ya haki ni kumpa kazi ndefu mtu mwingine, yaani kufungua uzi wa pili wa kazi ndani ya programu. Uzi wa kwanza unabaki na dirisha, wa pili unashughulika na mtandao au faili kubwa. Sharti lake ni moja na halina msamaha: uzi wa pili usiguse kitu chochote cha dirishani. Usibadilishe maandishi, usizime kitufe, usisogeze mstari wa maendeleo. Windows Forms ya Microsoft ikiona jambo hilo kwa kawaida hukataa na kutoa kosa wazi. Swing ya Java mara nyingi hunyamaza, kisha dirisha huanza kuchora mambo ya ajabu siku ambayo hakuna anayetazamia, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kukataa. Katika Tkinter desturi nzuri ni uzi wa pili kuweka matokeo yake kwenye foleni ya kawaida ya Python, na uzi wa dirisha kuikagua foleni hiyo kwa after, tuseme kila milisekunde 100. Swing ina invokeLater kwa kurudisha kazi kwenye uzi wa dirisha, na tangu Java 6 ya 2006 ina SwingWorker inayopunguza uandishi. C# ilirahisisha mambo zaidi kwa async na await katika toleo la 5, mwaka 2012. Kitufe nacho kizimwe kazi inapoanza na kuwashwa inapoisha; hiyo peke yake inamaliza suala la kubofya mara mbili.

Kuna kosa jingine la wakati ambalo humtesa anayetengeneza kikokotoo, zoezi lisilokosekana katika mafunzo ya kuanzia. Badala ya kuandika vitufe kumi kimoja kimoja, anatumia kitanzi kinachopita namba kuanzia 0 hadi 9, na kila kitufe anakipa funksheni fupi ya lambda yenye agizo la kuandika namba hiyo. Vitufe vinaonekana na namba zake barabara, lakini kila kimoja kikibofywa kinaandika 9. Maelezo yake ni kwamba lambda haikubeba namba, ilibeba jina la namba. Inapobofywa ndipo inapouliza jina hilo lina thamani gani, na wakati huo kitanzi kimeshaisha, jina limeshika 9. Mkato unaotumika ni kuipa lambda kigezo chenye thamani ya hapohapo, yaani, jina la namba likiwa n, kuandika n ni sawa na n ndani ya lambda, ili thamani inakiliwe wakati wa kutengeneza. Mtego huu umewanasa wengi kiasi kwamba Microsoft iliamua kubadilisha tabia ya kitanzi cha foreach katika C# 5, ingawa kitanzi cha for kiliachwa kama kilivyokuwa.

Upangaji wa vitu dirishani una mitego yake, lakini si ya kukaliwa kitako. Amri za kupanga, pack na grid, zisichanganywe ndani ya fremu moja: Tk ya zamani ilikuwa ikizunguka bila kikomo zikigombania nafasi, na toleo la 8.6 linakataa kwa ujumbe. Anayetaka zote mbili atenganishe fremu. Kupanga vitu kwa vipimo vya nukta za skrini, kitufe hapa na kisanduku pale, hupendeza kwenye kompyuta ya mwandishi tu. Kwenye laptopu ya bei nafuu yenye skrini ya nukta 1,366 kwa 768, kitufe cha kuhifadhi kinaweza kuangukia nje ya skrini. Dirisha la pili lifunguliwe kwa Toplevel, si kwa kuita Tk mara ya pili, la sivyo visanduku vyake huonekana vitupu bila sababu. Picha ya nembo iliyopakiwa ndani ya funksheni hutoweka na kuacha nafasi nyeupe, kwa kuwa Python hufuta kumbukumbu ya kitu kisicho na jina linalokishika. Picha ipewe jina linaloishi muda wote dirisha linapoishi. Katika Swing, kubofya alama ya kufunga huficha tu dirisha la JFrame, na programu huendelea kula kumbukumbu kimyakimya mpaka mwandishi aeleze wazi kwamba kufunga dirisha ni kuizima.

Baada ya dirisha huja data, na hapo ndipo programu ya duka hupata sifa au aibu. Kila kinachotoka kwenye kisanduku cha kuandikia ni maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Bei ya 500 na ya 700 zikijumlishwa zikiwa bado maandishi, jibu ni 500700. Lazima zigeuzwe kuwa namba kwanza, na ugeuzaji huo hushindwa mara tu mtumiaji anapoandika kama watu wanavyoandika madukani: 1,500 yenye mkato, au 1500 ikifuatiwa na mkwaju na alama ya sawasawa. Mtumiaji hajakosea; ndivyo bei inavyoandikwa kwenye risiti za Afrika Mashariki. Programu iondoe mikato na alama hizo yenyewe kabla ya kugeuza, na ikishindwa kuelewa imwambie kwa lugha ya kistaarabu arekebishe wapi. Namba ya simu, kwa upande wake, isigeuzwe kamwe kuwa namba, kwani sifuri ya mwanzo itapotea. Haijumlishwi wala kugawanywa na mtu yeyote, kwa hiyo ni maandishi.

Fedha inataka uangalifu wa pekee. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa tarakimu mbili, sifuri na moja, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali za kawaida. Ndiyo maana Python ikiulizwa 0.1 kujumlisha 0.2 hujibu 0.30000000000000004. Si hitilafu ya Python. C#, Java na nyingine nyingi hufuata kanuni ileile ya IEEE 754 iliyotolewa 1985. Katika risiti moja tofauti hiyo haionekani, katika maelfu ya risiti huja kuchokoza. Kiasi cha fedha kihifadhiwe kwa namba kamili za senti, au kwa aina ya Decimal iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukadiriaji nao una jambo lake: round ya Python hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo 12.5 inakuwa 12 na 13.5 inakuwa 14. Anayekokotoa kodi ya ongezeko la thamani kwa njia tofauti na ya mwenye duka atabishaniwa shilingi moja moja.

Namba kubwa pia huanguka. Katika Visual Basic 6 aina ya Integer iliishia 32,767, kiasi ambacho duka linalouza kwa shilingi hukivuka kabla ya saa nne asubuhi, na programu ikazimika ikilalamika kufurika. Aina ya int katika C# hufika 2,147,483,647. Ikipita hapo, kwa kawaida haisemi neno, inageuka kuwa hasi. Mizania ya duka kubwa la jumla inaweza kufika huko, hivyo itumike long au decimal. Python haina mpaka huo kwa namba kamili.

Kosa la data linalowahusu Waswahili moja kwa moja ni la ritifaa. Mwanagenzi anatunga sentensi ya SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata, kwa kuunganisha vipande vya maandishi: ingiza katika jedwali la bidhaa, alama ya kufungua usemi, jina la bidhaa, alama ya kufunga usemi. Anajaribu sukari, unga, chumvi; zote zinaingia. Siku mwenye duka anapoandika maziwa ya ng'ombe, au mteja wa mkopo anapoitwa Ng'ang'a, programu inaanguka. SQL hutumia alama hiyohiyo ya ritifaa kuonyesha mwisho wa maandishi, kwa hiyo inaona maandishi yameishia kwenye ng, na kinachofuata haikijui. Kupiga marufuku ritifaa si dawa, ni kuwanyang'anya watu majina yao. Dawa ni kuandika alama ya kuuliza mahali pa thamani, kisha kuipa hifadhidata thamani hizo kando, nayo izipokee kama maandishi matupu bila kuzitafsiri. Njia hiyo inaziba pia mlango wa wezi, maana mwanya uleule unaomkwamisha Ng'ang'a ndio mhalifu anaoutumia kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata ya mtu.

Anayefuata ushauri huo kwa Python hukutana na kioja kimoja. Akipeleka thamani moja tu, sukari, ndani ya mabano, anaambiwa kwamba sentensi inahitaji thamani moja na yeye ameleta sita. Sita ni herufi za neno sukari. Mabano yenye kitu kimoja bila mkato baada yake si orodha machoni pa Python. Ni neno lilelile, na neno ni mfululizo wa herufi. Aongeze mkato baada ya thamani.

SQLite, hifadhidata ambayo D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000 na ambayo Python huja nayo, ina mambo mawili ya kumchanganya mgeni. La kwanza: mauzo yanaingizwa, yanaonekana kwenye orodha, programu inafungwa, na kesho yake hayapo. Iliyosahauliwa ni amri ya commit, inayothibitisha mabadiliko. Bila hiyo yanaonekana kwa muunganisho ulioyafanya peke yake na hufutika ukifungwa. La pili: programu inalalamika kwamba jedwali la mauzo halipo, ilhali mwandishi analiona kwa macho yake. SQLite ikielekezwa kwenye faili isilolikuta, haisemi chochote. Inatengeneza jipya, tupu. Na faili lililotajwa kwa jina tu, bila njia kamili, hutafutwa kwenye folda ambayo programu imewashiwa, ambayo si lazima iwe ile yenye msimbo. Wakati wa mazoezi programu ijenge njia kamili ya faili kwa kuanzia mahali ilipo yenyewe. Anayeandika njia za Windows kwa mkono akumbuke pia kwamba mkwaju uliolalia nyuma una maana yake ndani ya maandishi ya Python: ukifuatiwa na n ni mstari mpya, na njia inayoanzia kwenye folda ya Users hukataliwa kabla programu haijaanza. Herufi r ikiwekwa mbele ya alama ya kufungua usemi humaliza ugomvi huo.

Yote haya hufupika sana kwa anayesoma ujumbe wa kosa. Wanagenzi wengi huuona ule msururu wa mistari ya Kiingereza, wakaufunga, na kuanza kubadilisha msimbo kwa kubahatisha. Ujumbe wa Python husomwa kuanzia chini: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa na sababu, na ya juu yake inataja faili na namba ya mstari. Katika orodha hiyo mafaili mengine ni ya maktaba. Linalotafutwa ni lile ambalo mwanagenzi aliliandika mwenyewe. Java huanza na kosa juu, lakini chanzo halisi mara nyingi kimejificha chini zaidi, kwenye mstari unaoanza na maneno Caused by. Na ipo tabia moja isiyofaa kuvumiliwa: kuzungushia msimbo try na except, kisha ndani ya except kuandika pass. Hiyo ni amri ya kuficha kosa. Programu haianguki tena, ila haihifadhi tena, na hakuna atakayejua hadi mwenye duka atakapotafuta deni la mtu na kulikosa. Tkinter ina tabia ya kuzidisha tatizo: kosa likitokea ndani ya funksheni ya kitufe, dirisha halifungwi, ujumbe huandikwa tu kwenye dirisha jeusi la amri. Programu ikiwashwa bila dirisha hilo jeusi, ujumbe hauonekani popote. Makosa yaandikwe kwenye faili la kumbukumbu, na mtumiaji aonyeshwe neno fupi kwamba jambo limeshindikana.

Hatua ya mwisho ni kuitoa programu kwenye kompyuta ilikozaliwa. Mwandishi anaigeuza kuwa faili moja la kuwashwa kwa PyInstaller, anaipeleka dukani kwa flashi, na kesho yake anapigiwa simu kuwa mauzo ya jana yamefutika. Faili hilo moja, kila linapowashwa, hujifungua kwenye folda ya muda na kuifuta linapozimwa. Hifadhidata ikiwa humo ndani, inafutwa nayo. Kuiweka ndani ya Program Files nako hakufai, kwa kuwa Windows hairuhusu programu ya mtumiaji wa kawaida kuandika humo. Mahali pake ni folda ya mtumiaji, kwa kawaida AppData. Programu za C# na Java zina sharti jingine, kwamba mashine ya dukani iwe na mfumo wa kuziendesha wa toleo linalolingana, au zifungashwe pamoja nao. Njia ya uhakika ya kulijua hilo mapema ni kuijaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona Python wala Visual Studio, tena kwa mtumiaji asiye na mamlaka ya msimamizi.

Hifadhidata ya SQLite ni faili moja, hivyo nakala yake huchukuliwa kwa kuifunga programu na kulinakili faili hilo kwenye flashi kila jioni. Anayempa mwenye duka programu yake ya kwanza amwonyeshe namna ya kufanya hivyo kabla hajaondoka, na amsihi asilitupe daftari la mauzo la karatasi hadi hesabu za daftari na za kompyuta zipatane kwa mwezi mzima.